Asilimia 5 kwenye boksi la vape, na sisi tunaosomea udaktari

Jamani leo naomba tuongee kuhusu vape, hizi sigara za umeme, na naongea hasa na wenzangu tunaosoma udaktari maana hili jambo limenikaa rohoni muda sasa na sioni mtu analisema.

Hosteli vape sio kitu cha kujificha tena. Unaingia rumu ya mtu usiku watu wanapiga msuli wa farmakolojia, lile somo la dawa, huyu ana kahawa, yule ana kidude chake cha rangi kinanukia embe, kinapita mkono kwa mkono. Muulize yeyote pale kuhusu sigara atakujibu vizuri kabisa, saratani ya mapafu, moyo, kiharusi, na atakutajia hadi ule utafiti wa Doll na Hill ulioanza 1951 Uingereza, ule uliofuatilia madaktari wenyewe wa kiume 34,439 kuona nani anakufa na nini. Sasa muulize hicho kidude kina nini ndani. "Ni mvuke tu." "Hakina lami." "Aah nikotini ni asilimia 5 tu, kidogo hiyo."

Hapo kwenye asilimia 5 ndipo ninapoumia.

Kwa sababu huyuhuyu mtu ukimpa kichupa cha lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 kabla ya kushona kidonda, anajua bila hata kufikiri kwamba ni miligramu 20 kwa kila mililita, tumekaririshwa hiyo hesabu mpaka tunaiota usiku, maana ukizidisha dozi unaweza kumuua mgonjwa. Asilimia 1 ni gramu 1 kwenye mililita 100, na hesabu haibadiliki eti kwa sababu boksi lina picha ya tikiti maji. Kwa hiyo asilimia 5 ni miligramu 50 kwa mililita. Boksi nililolishika mimi liliandikwa mililita 10. Zidisha. Ni miligramu 500 za nikotini kwenye kitu kinachoingia mfuko wa shati. Mvutaji wa sigara anaingiza mwilini kama miligramu 1 hadi 2 kwa sigara moja. Najua sio nikotini yote ya kwenye vape inafika kwenye damu, nyingine inatoka na mvuke nyingine inabaki mle ndani, na mtu anaitumia siku kadhaa, lakini hata ukikata nusu nzima ukaitupa bado unaongelea zaidi ya sigara 100. Uingereza, ambako vape inaruhusiwa, mwisho kisheria ni miligramu 20 kwa mililita na tangi lisizidi mililita 2, yaani jumla miligramu 40. Linganisha na hizo 500.

Na usiulize mbona haichomi koo. Nikotini ya kawaida kwa kiwango hicho isingevutika, ungekohoa mpaka uiache. Wanachofanya wanaichanganya na asidi kama ya benzoiki inakuwa chumvi ya nikotini, pH inashuka, yaani inakuwa na asidi zaidi, inapita laini kabisa. Kampuni ya Juul ndio waliifanya itambe kuanzia 2015 kule Marekani na wengine wote wakafuata. Kile kikohozi cha sigara ya kwanza kilichokuwa kinawafukuza watu wengi, huku hakipo. Ndio maana unakuta mtu ambaye hajawahi kugusa sigara maishani ameanza na fleva ya embe mwaka wa 2 na sasa hivi hawezi kumaliza lekcha ya saa 2 bila kutoka nje, anakuwa na hasira, mikono haitulii, hiyo ni arosto wala tusiipe jina lingine. Nikotini inapungua nusu kwenye damu ndani ya kama saa 2, tumesoma wote.

Ila niseme na upande wa pili, maana wanaotisha watu nao wanatisha kwa habari isiyo sahihi na hilo nalo linaniudhi. Kuna wenzetu wakiona vape wanaanza "Marekani vape ilichoma watu mapafu". Ni kweli mwaka 2019 hospitali zao zilipokea watu wenye majeraha makali ya mapafu, mpaka Februari 2020 walikuwa wameshahesabu 2,807, na 68 kati yao walikufa. Lakini kilichokuja kunyooshewa kidole zaidi ni mafuta ya vitamini E asetati yaliyokuwa yamechanganywa kwenye vape za bangi, nyingi za mtaani. Sio vape za embe za hosteli. Ukienda kumwambia kijana wa miaka 19 habari ya 2019 kama ndio kitakachomkuta, ataingia kwenye simu, dakika mbili ameshakukuta umekosea, na siku utakayomwambia kuhusu nikotini ambayo ni kweli kabisa hatakusikiliza.

Halafu kuna ile ya "bora kuliko sigara". Kwa mvutaji wa sigara ni kweli, hamna moto, hamna ile gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, na sumu nyingi za moshi ni pungufu sana. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2019, watu 886 waliotaka kuacha sigara, waliopewa vape baada ya mwaka asilimia 18 walikuwa wameacha, waliopewa bidhaa nyingine za nikotini kama bandiko na bigijii ni asilimia 9.9. Hiyo ni tofauti kubwa na daktari anatakiwa aijue. Sasa mwenzangu wewe hukuwa unavuta sigara. Wewe usijilinganishe na mvutaji wa pakiti moja kwa siku, jilinganishe na wewe wa mwaka wa kwanza uliyekuwa unavuta hewa tu.

Kinachoniogopesha zaidi ni wodini. Tumefundishwa kuuliza "unavuta sigara?" halafu tunapiga hesabu ya pakiti kwa siku mara miaka. Kijana mmoja amelala kitandani, moyo unamwenda mbio, nikamuuliza.

"Mdogo wangu, unavuta sigara?"
"Sivuti dokta."
"Na vape?"
"Eeh, hiyo natumia, si nyingi sana. Ila hiyo si sigara dokta."

Faili lake lilikuwa limeshaandikwa hana historia ya tumbaku. Aliyeandika ni mtu makini sana, namheshimu, ila fomu haina swali hilo na hakuna aliyewahi kutufundisha. WHO, Shirika la Afya Duniani, na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, walianza 2005 kuwahoji wanafunzi wa mwaka wa 3 wa udaktari, meno, uuguzi na famasi nchi nyingi duniani, na wengi walisema wanaona ni kazi yao kumsaidia mgonjwa kuacha tumbaku lakini hawajafundishwa rasmi namna ya kufanya. Hiyo ni kabla hata vape haijasambaa.

Sheria yetu ya Tanzania ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003, mwaka uleule ambao Hon Lik, mfamasia wa China, alikuwa ndio anaibuni hii sigara ya umeme tunayoijua leo, baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Walioiandika wasingeweza kuona haya yanakuja. Uganda wao sheria yao ya 2015 imezipiga marufuku moja kwa moja. Sisi tutaendaje ni mjadala mwingine, mimi napenda angalau kiwango cha nikotini kidhibitiwe na watoto wasiuziwe.

Ila mnaoanza wodi semista hii hamuhitaji kusubiri sheria. Muulize mgonjwa sigara, kisha vape, kisha shisha, kila moja kivyake. Uliza imeandikwa asilimia ngapi, mililita ngapi, na inamchukua siku ngapi kumaliza moja. Uliza akiamka asubuhi anaigusa baada ya dakika ngapi, hapo ndipo utajua kama ameshanaswa. Nyumbani kuna mtoto mdogo? Yale maji mtoto akiyameza ni sumu, atatoka mate na kutapika kama aliyekunywa dawa ya wadudu, kwa hiyo yakae mbali naye. Na kama hajui kilichoandikwa, mwambie ndugu yake akija jioni aje na boksi.