Wakongwe wapimwe kwenye mchujo

Jana baada ya Alasiri tulibishana sana pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kuhusu wanasiasa wakongwe. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, mkongwe ndiye ajuaye milango ya Nairobi." Nikamjibu, "Sawa mzee wangu, lakini ametufungulia upi?"

Katiba ya 2010 inampa gavana vipindi viwili, basi. Mbunge, seneta na MCA (mwakilishi wa wadi) hawana kikomo. Kikomo chao ni sisi. Na palipo na chama chenye nguvu, ikifika uchaguzi mkuu wa Agosti mambo yamekwisha. Kura yenye uzito ni ya mchujo, pale chama kinapochagua mgombea wake. Ndiyo maana tikiti ya moja kwa moja, anayopewa mtu na chama bila kupigiwa kura, inaniuma sana.

Sisemi kila mkongwe atoke. Anayefuatilia basari za watoto na kupokea simu ya mvuvi aliyenyang'anywa nyavu, huyo abaki hata miaka 20. Lakini anayeonekana kisiwani msimu wa kura tu, akigawa leso na fulana, tumwangushe mapema.

Vijana wa Langoni na Mkomani, 2027 haiko mbali. Kura ya mchujo ni ya wanachama waliosajiliwa. Nendeni mkahakikishe majina yenu yamo.