Vinne, Viwili

Juzi, katika ofisi ya serikali ya mtaa, kijana mtendaji alifungua kibati cha wino, akachovya muhuri, akaniangalia na kuniuliza: "Shikamoo mwalimu, nipige ngapi?" Alikuwa akiulizia nakala za barua ya mjukuu wangu. Nikajibu "mbili" kabla sijafikiri, ingawa nilikuwa nimekwenda na nakala tatu, na harufu ya ule wino wa zambarau ikanifuata hadi barabarani.

Mwaka 2009 nilikabidhiwa shule kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Gari la kumhamisha mtangulizi wangu lilikuwa nje likiunguruma, kwa hiyo mambo yalikwenda mbio: funguo, muhuri, leja ya vifaa, vitabu vya hundi, kitabu cha wageni, deni la mzabuni wa mahindi na, chini kabisa ya rundo, daftari la jalada gumu lililoandikwa kwa herufi kubwa ADHABU YA VIBOKO. Nilikuwa mwalimu wa taaluma, hodari wa kupanga ratiba na kukimbizana na mihtasari, lakini ukuu wa shule hakuna aliyenifundisha. Shule za kata zilikuwa zimechipuka kila upande tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, na kila shule ilihitaji mtu wa kukaa kwenye kile kiti. Mafunzo ya uongozi kule ADEM, wakala wa serikali unaofundisha viongozi wa elimu, Bagamoyo, niliyapata baadaye, makosa yangu mengi yakiwa yamekwisha kufanyika.

Jambo moja halikuandikwa kwenye hati ya makabidhiano, nalo ni Mwalimu. Ndiye aliyenifundisha Kiswahili nikiwa kidato cha pili, na sasa, akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu, alikuwa mwalimu wa nidhamu chini yangu. Kila asubuhi nilimwamkia mlangoni mwa ofisi ya walimu, naye aliitikia, "Marahaba, mwanangu," mbele ya walimu vijana waliokuwa wakitabasamu ndani ya vikombe vyao vya chai. Sikuona ubaya. Vikaoni nilisoma ajenda huku nikimtupia jicho, kama mtu anayesubiri insha yake irudishwe.

Ilikuwa Aprili, na katika bonde la Kilombero Aprili ni maji. Kengele ya namba ilikuwa imelia muda mrefu uliopita Mwalimu alipobisha hodi, fimbo ya mpera kwapani, daftari lile mkononi. Kwa kanuni za mwaka 2002, kiboko shuleni ni cha mkuu wa shule au cha mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kisizidi vinne, na kila adhabu iandikwe na mkuu atie saini. Mwalimu alikuwa ameshajaza kila kitu kwa mwandiko wake wa kulala: tarehe, majina matatu, kosa, na idadi. 4. Akaligeuza daftari likanielekea, akasema, "Mkuu, naomba saini."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Wavulana watatu walikuwa wamesimama kizingitini, suruali zimekunjwa hadi magotini, viatu vimefungwa kamba kwa kamba na kuning'inizwa shingoni, maji yakiwachuruzika na kufanya vidimbwi juu ya sakafu. Mmoja wao, mdogo kuliko wenzake, alikuwa ameshika daftari la hesabu lililolowa, akilipanua kurasa kwa vidole ili zisigandane. Hakuwa akinitazama mimi wala fimbo, alikuwa akitazama wino wake ukisambaa. Nikawauliza kilichowachelewesha. Mkubwa wao akajibu kwamba mtumbwi ulikuwa ng'ambo. Mwalimu akauliza kwa upole, bila kugeuka, "Na jana ulikuwa wapi?" Hawakujibu, na kwa kweli wenzao wa kijiji kilekile walikuwa darasani tangu saa moja.

Nilishika kalamu. Nasema nilitafakari, lakini nadhani nilikuwa nikisikiliza tu matone. Nikakata ile 4, juu yake nikaandika 2, nikatia saini. Sikuandika sifuri kwa sababu nilimwogopa Mwalimu. Sikuiacha nne kwa sababu ya lile daftari la hesabu. Mwalimu aliinama, akasoma, kisha akaweka kidole palepale nilipokata. "Ukisahihisha, saini tena pembeni," alisema, kama alivyokuwa akituambia kidato cha pili. Nikasaini tena. Alipokuwa akifunga daftari aliongeza, "Zamani vilikuwa sita," na sikujua kama analalamika au ananifariji. Nilihesabu viboko kutokea ndani. Vilikuwa sita kweli, viwili kwa kila mmoja.

Daftari lile halikurudi tena mezani kwangu. Muhula ukapita, na mwingine. Wakaguzi wa shule, kabla hawajaitwa wathibiti ubora, walipokuja wakafunua kurasa tupu, wakatupongeza kwa nidhamu inayosimamiwa bila fimbo. Nami niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, ilhali mara kadhaa nilikuwa nimesikia, nyuma ya jengo la maabara, sauti ninayoijua, na nikaendelea kukagua stakabadhi. Salamu nazo zilibadilika. Aliitikia "marahaba" tu, ile "mwanangu" ikaondoka, na "mkuu" haikuchukua nafasi yake. Siku ya kumuaga nilisoma risala ndefu.

Kule Bagamoyo mkufunzi alitutaka kila mmoja aeleze uamuzi uliomfanya ajione kiongozi. Nilieleza jinsi tulivyojenga matundu ya vyoo, nikapigiwa makofi.

Siku nyingine naona kwamba ningeandika sifuri angalau watoto wangejua niko upande gani. Siku nyingine naona nne ingekuwa ya heshima zaidi, kwa kuwa Mwalimu angeendelea kuniletea daftari na mimi ningeendelea kujua kinachotendeka shuleni kwangu. Mjukuu, ambaye barua ile ni yake, ameuliza mara mbili nitarudi lini kwa mtendaji, maana nakala ya tatu ipo hapa mezani na haijapigwa muhuri.