Mdai wa Kumi na Moja

Kuanzia Novemba 2018, kila baada ya wiki mbili, hati yangu ya mshahara ilikuja na mstari mmoja ambao nilikuwa nikiukunja kwa ndani ili watoto wasiusome: makato ya dola 270 kwa amri ya mahakama. Nilikuwa mhudumu wa wazee katika makao mojawapo ya mjini Columbus, jimbo la Ohio, na kampuni iliyonunua deni langu la kadi ya benki ilikuwa imenishtaki, ikashinda kesi bila mimi kufika mbele ya hakimu, kisha ikapewa haki ya kuchukua robo ya kile kilichobaki baada ya kodi, ambayo kwa deni la namna ile ndiyo kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Marekani.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilianza na matanga. Mama yangu alifariki Machi 2017 katika hospitali ya binafsi huko Mombasa baada ya siku kumi na tisa za kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na hospitali ikakataa kuutoa mwili wake mpaka bili ilipwe yote. Kaka zangu waliuza walichokuwa nacho, mimi nikatoa fedha taslimu kutoka kwenye kadi tatu kwa siku mbili, na mama akazikwa. Yaliyofuata yanajulikana na kila aliyewahi kuishi kwa kadi: riba, faini za kuchelewa, kadi ya nne ya kulipia zile tatu, mkopo wa wiki mbili ambao haukuisha kwa mwaka mzima. Kufikia Januari 2019 nilikuwa nadaiwa zaidi ya dola 19,000, kodi ya nyumba ilikuwa nyuma, na siku moja nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta mlangoni pamebandikwa notisi ya kutakiwa kuhama ndani ya siku 3.

Wakili wa kwanza niliyempigia simu alinisikiliza kwa upole, akakubali kwamba shauri langu lilikuwa la Sura ya 7 ya Sheria ya Kufilisika, yaani lile la kufutiwa madeni, ambapo mali inayoweza kuuzwa huuzwa, nami sikuwa nayo, kisha akanitajia bei yake: dola 1,200 pamoja na ada ya mahakama ya dola 335, na zote zilipwe kabla ya karatasi kupelekwa. Nilidhani ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa na sababu yake, kwa kuwa malipo ya wakili ambayo hayajalipwa kabla ya shauri kufunguliwa nayo huwa ni deni, na hufutwa pamoja na madeni mengine. Hakuna fundi anayekubali kujenga nyumba ambayo mlango wake utafungwa yeye akiwa nje. Hata hivyo nilipokata simu nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya, kwa maana akaunti yangu ilikuwa na dola 41.

Ofisi moja ya msaada wa kisheria ilikuwa na siku maalumu ya kuwasaidia watu kujaza fomu zao wenyewe bila kuwalipia wakili. Niliketi mbele ya wakili wa kujitolea, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, naye akaanza na habari njema kwamba mtu anaweza kuomba kusamehewa ada yote ikiwa mapato ya familia yake yako chini ya asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Kwa familia ya watu watatu, mimi na wanangu wawili, kiwango hicho hakikufika dola 2,700 kwa mwezi. Tulijumlisha mshahara wangu mara mbili, na mara zote mbili tukakipita. Zamu za ziada nilizokuwa nimejaza ili kufidia ile robo inayokatwa ndizo zilizonivusha mpaka wa msamaha, na ile robo yenyewe, ambayo haikuwahi kufika mkononi mwangu, ilihesabiwa kuwa mapato.

Ilibaki njia ya kulipa kwa mafungu. Sheria inaruhusu mdaiwa kuomba kulipa ada kwa awamu zisizozidi nne, ndani ya siku 120 tangu kufungua shauri, na anayeshindwa kumaliza anaweza kufutiwa shauri lake kabla hajasamehewa hata senti. Kwa hesabu yangu hiyo ilikuwa dola 83.75 kwa kila awamu. Awamu tatu za mwisho hazikunitia hofu, kwa sababu nilitarajia marejesho ya kodi ya mapato mwishoni mwa Februari. Iliyonisumbua ilikuwa ya kwanza, pamoja na dola 25 za somo la ushauri wa madeni ambalo kila mtu hulazimika kulimaliza kabla ya kufungua shauri. Jumla yake ilikuwa dola 108.75, pungufu sana ya kile ambacho mdai wangu alikuwa akichukua katika mshahara mmoja tu, na sikuwa nacho. Mfanyakazi mwenzangu alinishauri nikauze utegili wa damu, yaani yale majimaji ya damu (plasma), biashara ambayo kule ni halali na yenye foleni ndefu. Nilikwenda, wakanipima, wakaniambia damu yangu ina upungufu wa madini ya chuma.

Wakili wa kujitolea alikuwa amefika kwenye orodha ya wadai. Tulikuwa tumeandika kumi: kadi, mikopo, kampuni ya simu, gereji. Akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote ninayedaiwa naye, awe ndugu, rafiki au jirani. Nikanyamaza muda mrefu kuliko inavyompasa mtu asiye na la kuficha.

Nilikuwa kwenye chama. Tulikuwa wanawake kumi na wawili kutoka Pwani, kila mmoja akitoa dola 100 kwa mwezi, na dola 1,200 zikimwendea mmoja kwa zamu. Mimi nilipokea mapema, Septemba, giaboksi ya gari ilipokufa, kwa hiyo kufikia Januari nilikuwa nimebakiwa na miezi saba ya kulipa. Nilikuwa nimeacha kulipa kila kitu isipokuwa chama. Nilimweleza hayo yote, naye akaniuliza hiyo ni benki ya aina gani, nami nikamjibu kwamba si benki, ni watu. Akasema kwa sauti ileile ya upole kwamba dola 700 ninazodaiwa na watu hao ni deni, kwamba nikiliacha nje ya orodha nitakuwa nimesema uongo chini ya kiapo, na kwamba sheria hainikatazi kumlipa yeyote kwa hiari yangu baada ya shauri kumalizika. Kisha akauliza mchango wa Januari nimeshaupeleka au bado.

Ulikuwa bado. Ulikuwa kwenye droo ya vijiko, ndani ya bahasha niliyoiandika kwa mkono wangu “Chama, Januari”, noti tano za dola ishirini.

Jumapili nilikwenda kwa mweka hazina wetu, mama wa miaka sitini na kitu tuliyemwita Mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha shule ya msingi huko Kwale. Nilimwamkia, nikakaa, nikakataa chai, na hapo akajua. Kwetu mtu akisemwa amefilisika, hiyo si habari ya mahakama, ni tusi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima ndani ya basi na yote yakanipotea. Nilimwambia tu, “Mwalimu, mchango wa mwezi huu ninao, lakini sikuletei. Ninautumia kwenda kuandikisha kwamba siwezi kuwalipa.”

Alikaa kimya, akiukunjua na kuukunja upindo wa leso yake. “Hao wenye kadi umewaandika?”

“Wote.”

“Na sisi?”

“Ninyi ni wa kumi na moja.”

“Wa mwisho?”

“Wa mwisho, Mwalimu.”

“Na baada ya hapo?”

“Baada ya hapo nitalipa. Haitakuwa kwa sababu ya mahakama.”

Hakunikubalia wala hakunikatalia. Aliniambia kwamba wanachama atawaeleza yeye, kwamba wawili kati yao watanuna, akawataja na majina, na akanishika mkono hadi kituo cha basi kwa kuwa barafu ilikuwa imeganda njiani.

Jumatatu, tarehe 28 Januari 2019, nilipita posta kwanza, kwa sababu mahakama haikupokea hundi binafsi ya mdaiwa, nikanunua hawala ya dola 83.75 kwa noti zilizotoka katika ile bahasha. Karani wa mahakama alizipitia kurasa zangu 52 kwa kidole gumba, akaniomba nitie sahihi mahali nilipopasahau, akapiga muhuri, akanipa namba ya shauri. Kuanzia dakika ile hakuna mdai aliyeruhusiwa kuendelea kunidai. Nilipeleka nakala kazini siku hiyohiyo, na hati ya mshahara iliyofuata haikuwa na ule mstari. Niliisoma mbele ya watoto, bila kuikunja.

Mahakama huwatumia wadai wote taarifa kwa barua, na hilo nilikuwa nimelisahau. Katikati ya Februari Mwalimu alinipigia simu saa mbili usiku.

“Mwanangu, nimeletewa barua ya serikali. Imeandikwa jina langu na la chama.”

Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

“Nimeshaiweka kwenye faili. Nilikuwa nauliza, Jumapili hii ni zamu yako ya kuleta chapati. Unakuja nazo au nimpe mwingine?”