Siku Moja Katika Kliniki ya Presha, Tanga

Saa moja na nusu asubuhi mabenchi ya kliniki yetu hapa Tanga huwa yamejaa, na wengi wanaosubiri ni wazee waliofanya kazi bandarini au katika mashamba ya mkonge. Tunawapima baada ya kuketi na kutulia, kwa kuwa hata mwendo wa kutoka kituo cha daladala hupandisha presha.

Saa tatu aliingia mzee wa Mwambani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Presha imeshuka, dawa niziache?"

Nilimweleza kwamba ndani ya kila mshipa wa damu umetandazwa utando wa safu moja tu ya seli, ambazo huhisi msukumo wa damu ipitayo na kutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, inayopenya hadi kwenye misuli ya ukuta wa mshipa na kuilegeza. Juu ya seli hizohizo kuna kimeng'enya kinachozalisha angiotensini ya pili, ambayo huukaza mshipa. Enalaprili anayomeza hukizuia kimeng'enya hicho. Akiiacha, mkazo hurudi.

Saa tano ilikuwa zamu ya wenye kisukari, na hapo huchukua muda mrefu hata foleni ikinung'unika. Sukari iliyozidi, sawa na moshi wa sigara, huipunguza gesi hiyo, na utando ulioikosa huanza kutoa protini zinazonasa chembe nyeupe za damu. Chembe hizo hujipenyeza chini ya utando, humeza kolesteroli iliyoharibika, na kidogo kidogo hujenga uvimbe wa mafuta, hasa pale mishipa inapogawanyika, kama shingoni. Uvimbe ukipasuka, damu huganda juu yake. Mshipa wa moyo ukiziba ni shambulio la moyo, wa ubongo ukiziba ni kiharusi.

Saa saba, tukila, mwanafunzi wa udaktari aliuliza haya yalijulikanaje. Nilimjibu kwamba mwaka 1980 watafiti Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha kwamba vipande vya mshipa mkuu wa sungura vilivyosuguliwa hadi utando ukatoka havikulegea vilipotiwa kemikali iitwayo asetilikolini, ilhali vyenye utando vililegea; yaani kilicholegeza kilitoka kwenye utando. Furchgott alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad.

Saa tisa mgonjwa wa mwisho, mwanamume wa makamo, alingoja muuguzi atoke ndipo akaomba dawa ya nguvu za kiume. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo na huitegemea gesi ileile, hivyo tatizo hilo huweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Kabla ya kumwandikia chochote, nilimpima presha na sukari, nikamwagizia kipimo cha kolesteroli, na kumuuliza kama anatumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua, kwa sababu zikichanganywa na alizoziomba presha huweza kuporomoka hadi kuua.