Kabla ya kuuliza bei ya wingu, uliza njia ya kutokea

Kila mwaka ifikapo miezi ya kuandaa bajeti, sisi maafisa TEHAMA wa taasisi za umma hapa Moshi na wenzetu wa Arusha hurudi kwenye mjadala uleule: tununue seva zetu, tuombe nafasi katika kituo cha data cha serikali, au tuhamie kwenye wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, la kampuni za nje. Mjadala huo huendeshwa kwa kulinganisha bei na sifa za programu, na anayeshinda mara nyingi ni yule aliyeleta wasilisho lenye rangi nzuri. Mimi naona lipo swali linalopaswa kutangulia yote hayo, nalo ni hili: siku tutakapotaka kuuacha mfumo huu, tutaondoka na nini, katika muundo gani, na kwa gharama ya nani?

Taasisi moja niliyowahi kuisaidia ilikuwa na mfumo wa kusajili wateja uliotumika kwa miaka mingi, na mkataba wake ulisema waziwazi kwamba data yote ni mali ya taasisi. Mkataba ulipokwisha, mzabuni alikabidhi diski iliyojaa ripoti za PDF. Baada ya barua kadhaa za kukumbushana ndipo lilipopatikana jedwali halisi, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Tarehe nyingine zilitanguliza siku na nyingine mwezi, hivyo 04/07 ingeweza kuwa tarehe 4 Julai au 7 Aprili, na hapakuwa na maelezo yoyote ya kutofautisha. Namba za simu zilikuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo. Safu ya viambatisho ilionyesha majina ya mafaili tu, ilhali mafaili yenyewe yalikuwa yamebaki kwenye seva ya mzabuni ambayo tayari ilikuwa imezimwa. Kisheria data ilikuwa ya taasisi. Kwa matumizi ya ofisi, ilikuwa karibu na bure.

Ndiyo maana sentensi ya umiliki peke yake hainiridhishi. Mkataba unapaswa kutaja nakala kamili ya hifadhidata katika muundo ulio wazi, maelezo ya kila safu, viambatisho vyote pamoja na namna vinavyoungana na kumbukumbu zake, na muda wa makabidhiano. Kwa upande wa kampuni kubwa za wingu, kizuizi kilichozoeleka kutajwa ni ada ya kutoa data nje ya wingu lao. Mwanzoni mwa 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kuwa mteja anayehama anaweza kusamehewa ada hiyo kwa masharti, lakini kifungo chenyewe kiko kwingine: mfumo uliojengwa juu ya huduma zinazopatikana kwa kampuni moja tu hauhamishiki hata kama usafiri wa data ni bure. Mfumo unaotumia hifadhidata ya programu huria kama PostgreSQL unaweza kuchukuliwa na kuwekwa kwenye seva nyingine, ya nje au ya hapa nchini, bila kuandikwa upya wote.

Suala la mahali seva ilipo nalo lina uzito wake, ingawa huwa linajadiliwa kwa hisia kuliko kwa hesabu. Kanda za wingu, yaani maeneo yenye vituo vya data, zilizo karibu nasi za kampuni hizo tatu ziko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua ya Johannesburg mwaka 2019, Amazon ya Cape Town mwaka 2020, na Google ya Johannesburg mwaka 2024. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mgonjwa aliyesimama dirishani kusubiri faili lake hajali kama seva ni ya kisasa. Anachoona ni mhudumu akivuta tena daftari la kaunta. Safari ya data kutoka Moshi hadi Dar es Salaam hailazimiki kupita baharini, kwani upo Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unaopita nchi kavu, na Arusha ina kituo chake cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti.

Hata hivyo, nyumbani si lazima pawe salama. Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, mifumo zaidi ya 600 ikasimama, na hifadhi ya mafaili ya watumishi iliyoitwa G-Drive ikapotea kwa sababu haikuwa na nakala rudufu mahali pengine. Nchi iliyoendelea kiteknolojia kuliko sisi, nakala moja, jengo moja. Sitaki kufikiria vyumba vya seva ninavyovijua mimi, vyenye kiyoyozi kimoja na funguo zinazokaa kwa mlinzi.

Kuhusu sheria sitasema mengi. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Yote mawili yasomwe kabla ya zabuni kutangazwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni fungu la fedha. Seva hununuliwa mara moja kwa fedha za maendeleo. Wingu hulipiwa mwezi hadi mwezi kutoka matumizi mengineyo (OC), na kila mtumishi wa halmashauri anajua fungu hilo linavyochelewa. Seva iliyolipiwa haizimiki kwa sababu OC haijafika, ila akaunti ya wingu huweza kusimamishwa. Tena ankara huja kwa dola wakati bajeti iliyopitishwa na Baraza la Madiwani ni ya shilingi. Kwa taasisi ndogo ningeshauri mkataba wa shilingi, unaolipwa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, hata kama bei yake inaonekana kubwa kidogo kwenye karatasi.

Zabuni sasa zinapita NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na vigezo vya tathmini huandikwa mapema, kwa hiyo hapo ndipo pa kuweka sharti la kutoka: mzabuni aonyeshe mbele ya kamati namna data inavyotolewa yote, kisha afisa TEHAMA wa taasisi aipakie kwenye seva tupu na kuhakiki kumbukumbu chache pamoja na viambatisho vyake. Jaribio hilo lirudiwe kila mwaka, na la kwanza lifanyike kabla ya malipo ya awamu ya mwisho, wakati taasisi bado ina kitu cha kushikilia.