Injini mgongoni au injini mbele: nilivyochagua gari langu la raha

Mimi ni dereva wa lori. Mwaka wa kumi na tisa huu natoka nyumbani Coventry, Uingereza, watu wakienda kulala, narudi wakienda kazini. Nilipotimiza miaka hamsini, na deni la nyumba limebaki mkia tu, nilimwambia mke wangu kwamba nataka gari la raha.

"Raha yako au yetu?" akauliza, huku anachambua mchele.

"Yetu," nikasema. Nilikuwa nadanganya, ila wakati ule sikujua.

Nilikuwa nimetenga pauni 17,000, na macho yalishaganda kwenye magari mawili. La kwanza Porsche Cayman, toleo lile lililoanza mwishoni mwa 2005 na kukoma 2012: viti viwili basi, injini ya silinda sita zilizolala ubavu, imewekwa nyuma ya mgongo wa dereva lakini mbele ya magurudumu ya nyuma. La pili Jaguar XK ya 2006 hadi 2014: boneti refu kama ngalawa, V8 mbele, gia otomatiki, viti vinne kwa hesabu ya karatasi. Cayman ni gari la kona. XK ni gari la kutoka mji mmoja asubuhi ukaingia mwingine jioni na shati halijakunjamana.

Tofauti ya injini kukaa hapa au pale si maringo ya matajiri. Aliyekulia Ngamiani, Tanga, kama mimi anawakumbuka wachota maji wa mzega, debe ncha hii, debe ncha ile, mti begani. Mwite mtu huyo kwa nyuma ageuke ghafla. Mti unachelewa kuanza kuzunguka, na ukishaanza unachelewa kusimama. Sasa mpe debe moja alikumbatie kifuani: anageuka kama pia. Gari la injini mbele ni mzega, la injini katikati limekumbatia debe. Lakini aliyekumbatia debe akiteleza, anazunguka vilevile kama pia, wakati wa mzega bado ana nafasi ya kusema bismillah na kujirekebisha. Hili lilinikuta, nitalisimulia.

Wala tusijifanye wageni wa mambo haya. Aliyepanda Toyota Noah za zamani, zile ambazo fundi lazima afunue kiti cha mbele ndipo aione injini, ameshakalia injini iliyo nyuma ya ekseli ya mbele. Ila ile ya Noah ilikuunguza makalio tu, raha ya kona haikukupa.

Nilianza upande wa Jaguar, na sababu ni mtaa. Coventry ni mji wa Jaguar. Kiwanda cha Browns Lane kilikuwa hapa, na XK yenyewe ikiundwa Castle Bromwich, Birmingham, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Jirani yangu, mzee mstaafu wa viwandani, aliposikia neno Porsche alinitazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Lakini mzee huyohuyo, tulipokaa kwa chai, ndiye aliyenipa hoja ya upande wa pili. Mwaka 1959 Jack Brabham alichukua ubingwa wa dunia wa Formula 1 kwa gari la Cooper, injini ikiwa nyuma yake, na injini hiyo ilikuwa Coventry Climax, kazi ya mji huuhuu. Mwaka uliofuata Ferrari ikashinda Monza, Italia, kwa gari la injini mbele, na hakuna gari la namna hiyo lililoshinda tena mbio za ubingwa huo. Basi nikajiambia kwamba nikinunua Cayman sijausaliti mji. Mtu akishapenda hakosi hoja.

XK niliyoijaribu ilikuwa ya injini ya lita 4.2, rangi ya samli. Sina neno baya juu yake. Bodi lake ni alumini iliyogundishwa na kupigwa ribiti, kiti kinakupokea, na ukikanyaga mafuta haliruki, linaondoka kama jahazi lililopata kusi, kimya, huku boneti linanyanyuka kidogo mbele yako. Nilikwenda nalo barabara kuu kwa dakika arobaini. Niliporudi nyumbani mke wangu akauliza vipi. Nikamwambia, "Zuri sana. Limetulia kama lori langu."

Nikanyamaza. Maana ni kweli. Lori langu lina kiti cha upepo, gia linabadili lenyewe, ndani kimya, na kazi yake ni kula barabara iliyonyooka usiku kucha. Wiki nzima mimi naendesha gari la safari ndefu, tena nalipwa. Kutoka humo Ijumaa niingie kwenye jingine la namna ileile, na safari hii mimi ndiye nalipia!

Hata hivyo sikuamua siku hiyo. Nilichukua kalenda ya msikiti ya mwaka uliopita, ile yenye nyakati za sala, nikaandika kwa nyuma safari zote tulizokwenda. Glasgow kwa shemeji mara nne, karibu kilomita 500 kwenda. Birmingham karibu kila wiki: khitma, harusi, duka la mihogo na nazi. Kwingineko vijisafari. Nikaona kitu ambacho kichwani sikuwa nimekiona: Glasgow hatujawahi kwenda watu wawili. Kila mara kuna mtoto, mpwa, au mama wa mtu anayeomba lifti, na mizigo ya watu juu yake. Safari zile ni za Honda Jazz yetu, na zitabaki za Honda Jazz.

Hapo likaja suala la lifti, ambalo wauzaji wa Kizungu hawalijui. Katika jamii yetu ukiwa na gari, hilo gari ni la watu. Msiba ukitokea, simu ya kwanza ni kwa mwenye gari. XK ina viti viwili nyuma, basi nikamchukua mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na saba, tukaenda naye kwa muuzaji ajaribu kukaa. Aliingia kwa mguu mmoja, akakwama. Magoti masikioni, na kiti changu hakikuweza kurudi nyuma nikaendesha. Viti vile ni vya kuwekea koti. Sasa fikiria nimepaki nje ya nyumba ya msiba, shangazi anachungulia dirishani anaona viti vinne, halafu mimi namwambia hakuna nafasi. Ugomvi wa miaka mitatu huo. Cayman haina cha kuchungulia. Viti viwili, hakuna wa kununa.

Na mizigo? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Buti la XK ni lita 330. Cayman ina mabuti mawili, mbele lita 150, nyuma lita 260. Jumla 410. Gari la kona linabeba kuliko gari la safari.

Basi nikageukia Cayman, nikaanza kwa kukosea. Niliipata Cayman S ya 2007, injini 3.4, bei nzuri, inang'aa. Rafiki mmoja fundi, mtu wa Mombasa aliyeko Birmingham, alikubali kuja kuiangalia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuingiza kidole kwenye bomba la moshi, akakitoa cheusi kama cha aliyetoka kupiga kura. Injini hizo za kabla ya 2009, hasa hiyo 3.4, zina ugonjwa unaojulikana: kuta za silinda hazina silivu ya chuma, ni alumini yenye silikoni, na pistoni ikianza kuzikwaruza haziponi. Gari linakula oili, linagonga kidogo likiwa baridi, kisha bili inakuja ya ovahoo nzima. Mwenye gari aliruhusu karta ya oili ifunguliwe, kamera ndogo ikapitishwa kwa chini. Kwa chini ndiko mikwaruzo huanzia. Anayechungulia kupitia tundu la plagi tu anaweza asiione. Tukaiona, mistari miwili mirefu.

"Hii wacha, ndugu yangu," fundi akasema. "Hii itakula pesa yako na sahani."

Nilimlipa pauni 180 kwa siku ile. Sijawahi kununua kitu cha bei nafuu kama hicho.

Baada ya hapo nilitafuta za kuanzia 2009 tu. Mwaka huo injini zilibadilishwa zote, na hata ile beringi ya shafti ya kati iliyowatia watu hofu kwenye injini za awali haimo kabisa. Niliipata ya 2010, si S, ni ile ya kawaida ya 2.9, nguvu farasi 265, gia sita za mkono, rangi ya majivu. Namba ya bodi ina herufi U, maana yake imeundwa Uusikaupunki, Finland. Mjerumani aliyezaliwa ugenini. Pauni 16,200 baada ya kuvutana. Kabla sijalipa fundi alitoa bampa la mbele: nyuma yake kuna rejeta, mbele ya injini iliyoko nyuma, na matundu ya bampa hukusanya majani makavu yanayooza na kula kondensa ya kiyoyozi. Tulitoa majani ya kujaza ndoo. Kondensa moja ilikuwa imekwisha, muuzaji akapunguza bei.

Kodi ya barabara nayo ilisaidia. XK ya 4.2 iliyosajiliwa kuanzia 23 Machi 2006 inaangukia daraja la juu kabisa, Cayman 2.9 iko chini yake. Bima zilikaribiana. Mafuta napata lita kumi na kitu kwa kilomita mia.

Jumapili ya kwanza nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nikapanda hadi Peak District, barabara ya Cat and Fiddle kati ya Buxton na Macclesfield. Ukungu, kondoo, hakuna mtu. Sitasema nilikwenda mbio, kwa sababu kuna kamera za mwendo wa wastani na leseni ndiyo mkate wangu. Haikuhitaji mbio. Lile gari unalikata kona kwa viganja, si kwa mikono. Mbele ni jepesi kiasi kwamba unausoma mchanga wa barabarani kupitia usukani, na wakati mbele inaingia kona, nyuma imeshaingia nayo, hakuna kungojana. Sauti ya injini inatoka nyuma ya shingo. Nikifika juu nilisimama, nikanywa chai ya chupa, nikashuka tena njia ileile. Mke wangu aliniuliza nimekwenda wapi. Nikasema sikwenda mahali.

Mwezi wa kumi na moja ndipo debe liliponiponyoka. Mzunguko wa barabara, mvua, matairi hayajapata moto, nimeingia kwa kasi ya kijinga kidogo. Katikati nikashtuka nikaachia mafuta ghafla, kama ambavyo ningefanya kwenye Jazz bila tatizo. Uzito ukaenda mbele, nyuma ikatupa mkia kabla sijamaliza kushtuka. Taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza ikawaka, magurudumu yakashikwa moja moja, gari likanyooka lenyewe. Bila kompyuta ile ningemaliza nimeangalia nilikotoka. Wiki hiyohiyo nilibadilisha matairi manne, na tangu hapo kwenye mvua mguu wangu wa kulia unaondoka taratibu kama anayetoka chumba alicholala mtoto.

Na kuna siku nimeitamani XK. Mara moja tu tumekwenda Glasgow na Cayman, mimi na mke wangu, watoto hawapo. Hadi Preston alivumilia. Kuanzia mlima wa Shap alisema kuna nyuki shingoni mwake. Mlio unaonipa raha dakika arobaini ni mateso saa tano, na matairi mapana yananguruma kwenye lami. Kurudi alipanda treni, akanipungia mkono kituoni bila huruma yoyote. Kwa safari ile Jaguar ilikuwa jibu, na kama ningekuwa karani anayekaa ofisini wiki nzima na dada yake Glasgow, huenda ndiyo ningekuwa nayo.

Kitu kilichompatanisha na gari sikukitegemea. Buti la nyuma liko juu ya gia na jirani na injini, na ndani yake huwa moto. Vifuniko vya oili na maji ya injini vimo humohumo. Nililalamika kwamba maziwa yameharibika. Yeye akanyamaza, akafikiri. Mwezi wa Ramadhani tulialikwa futari Birmingham, akaja na sufuria ya pilau imefungwa taulo, akaiweka nyuma mwenyewe, akaijaribu kwa kiganja. Jagi la juisi ya ukwaju akaliweka buti la mbele, kwenye baridi. Tulifika dakika tano kabla ya adhana, pilau inatoa mvuke.

Sasa kila mwaliko ananiuliza kama "oveni" ina mafuta.