Silaha ni mji wenye mto

Jumapili, usiku.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Barabara za Ngamiani, hapa Tanga, zimejaa maji, hata muuza kahawa wa kona yetu leo hakutoka. Nimeshinda mezani na karatasi ya mjomba.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu. Kila wiki huchora mraba wa fumbo la maneno kwenye daftari la hesabu, lile la vijumba, akavipaka wino vijumba visivyotumika, kisha akaandika vidokezo kwa mwandiko wake uleule wa ubaoni. Si fumbo la magazetini la kuulizwa mji mkuu wa Uganda ukaandika Kampala. Kila kidokezo chake kina maana ya jibu upande mmoja, mwanzoni au mwishoni, na upande uliobaki unakueleza jinsi ya kulijenga jibu hilohilo kwa herufi, au unakupa maana yake ya pili. Ukikisoma chote kwa pamoja, unaona habari ya kawaida tu, na hapo ndipo unapopotea. Namba ya kwenye mabano ni idadi ya herufi.

Cha kwanza kukitegua leo kilikuwa hiki: "Samaki wamevurugwa majira ya mvua (6)". Juzi nilikwenda Deep Sea kutafuta kitoweo nikakuta bei imepanda, bahari imechafuka, kwa hiyo sentensi ile niliisadiki kama ilivyo. Nilikaa nayo muda mrefu nikiwafikiria wavuvi. Kumbe "wamevurugwa" ni maelekezo: zichukue herufi za SAMAKI uzivuruge. Zinatoka MASIKA, majira ya mvua. Nimezaliwa pwani, maneno haya mawili nimeyatamka maisha yangu yote, na sikuwahi kuona kwamba ni herufi zilezile sita. Nilisimama nikazunguka meza.

Baada ya hapo vingine vikaja kwa kasi. "Kinywaji ndani ya kucha iliyokatika (4)": mwisho wa "kucha" ukiunganishwa na mwanzo wa "iliyokatika" unapata CHAI, imelala palepale machoni. "Zurura katika mji wa mkonge (5)" ni TANGA mara mbili, kutanga na Tanga yenyewe.

Viwili vilinifurahisha kwa namna vilivyotofautishwa. "Ubia ukirudi nyuma huleta fedheha (4)" unasomwa herufi moja moja kutoka mwisho: A, I, B, U. Lakini "Sita kinyume upate samaki (4)" hausomwi hivyo. Ukigeuza herufi za "sita" unapata kitu kisicho neno. Mjomba anaposema "kinyume" anakusudia kinyume chetu cha utotoni, kile tulichozungumza ili wakubwa wasituelewe, silabi ya mwisho inatangulia mbele: ta-si. TASI, na wa kukaanga ni mtamu. Kwa hiyo kwake "kurudi nyuma" ni kwa herufi na "kinyume" ni kwa silabi, wala hachanganyi hata siku moja. Naona hapo amefanya jambo kubwa kuliko anavyojua. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo ukiyageuza kwa herufi ni machache mno yanayobaki kuwa maneno. Kwa silabi yapo tele: lima ikawa mali, taka ikawa kata. Wajapani huandika silabi moja katika kila kijumba cha mafumbo yao, na nadhani Kiswahili nacho kingestarehe zaidi hivyo. Nitamwambia.

Kisha nikakwama. Mlalo wa saba: "Silaha ni mji wenye mto (7)".

Herufi nilikuwa nazo tatu kutoka kwenye maneno ya wima: ya pili A, ya nne G, ya sita N. Mji wenye mto, herufi saba. Nani wa mkoa huu asiyejua? Nikaandika PANGANI, nikampigia mjomba simu.

"Shikamoo mjomba. Nimemaliza."

"Marahaba mwanangu. Nifafanulie wa saba."

Nikamwambia ni Pangani, kwa sababu ya mto.

"Na silaha?"

Nikanyamaza. Nikasema labda Wajerumani walipigana na Bushiri pale. Akasema hiyo ni historia, hiyo si njia. Nikachoka, nikamwambia nimeshindwa, nimpe mji kama tufanyavyo kwenye vitendawili.

"Mji umeshaniandikia," akasema. "Sababu ndiyo sijaiona." Akakata simu.

Kwake fumbo halijateguliwa mpaka kila neno lielezwe. Zamani nilidhani ni ukali wa kialimu, lakini leo nimelifikiria zaidi. Sisi Tanga tumelelewa na mafumbo. Taarabu ya hapa, tangu enzi za Black Star na Lucky Star, imejaa maneno yanayompiga mtu aliyekaa ukumbini bila kumtaja jina. Lakini fumbo la taarabu linamlinda msemaji. Ukimfuata umuulize "ulinikusudia mimi?" atakwambia aliimba maua tu, na huna ushahidi. Fumbo la mjomba ni kinyume chake. Ukimuuliza alikusudia nini, lazima awe na jibu, na jibu liwe ndani ya sentensi yenyewe, neno kwa neno.

Kanuni hiyo ameirithi kwa Waingereza. Fumbo la maneno lenyewe lilianzia Marekani, alilitunga Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, katika gazeti la New York World la tarehe 21 Desemba 1913. Lakini hila za vidokezo zilikomaa Uingereza kuanzia miaka ya 1920. Mmoja wa watungaji wao aliitwa A. F. Ritchie, naye alikuwa mwalimu mkuu. Jina lake la utunzi alilikata kutoka mwanzo wa jina lake mwenyewe: Afrit. Yaani afriti, jini tunayemjua sisi. Huyo jini alisema neno ambalo mjomba analo moyoni: mtungaji halazimiki kumaanisha anachosema, lakini sharti aseme anachomaanisha.

Baada ya magharibi nikarudi mezani nikaliandika fumbo upya kwenye karatasi safi, maneno yake yakiwa mbalimbali. Silaha. Ni. Mji. Wenye. Mto. Kama kila neno lina kazi, basi matatu ya mwisho kazi yao inajulikana, ndiyo maana ya jibu. Yamebaki mawili. Silaha, na "ni". Mchana kutwa hiyo "ni" nilikuwa nikiipita kama mtu anavyopita kwenye kizingiti, nikidhani ipo kwa ajili ya kuunganisha tu silaha na mji. Na silaha ya herufi tano inayoanza na P iko nyuma ya mlango wangu, naifyekea majani.

Panga. Ni.

Nilipiga ukelele mpaka jirani akauliza kupitia dirishani kama kuna nyoka. Nikampigia mjomba, hata salamu nikaisahau, nikamwambia "panga" halafu "ni", mjomba, "ni" ni herufi, si neno! Akacheka kicheko kirefu ambacho sijakisikia tangu shangazi afariki. Akasema sasa limeteguka. Kisha akaniambia wiki ijayo nitunge mimi kidokezo kimoja, na yeye akifafanue.

Sikungoja wiki ijayo. Nikafikiria kile kigoda changu cha chuma jikoni na mwenzake anayelia kwa jirani, nikaandika: "Mnyama mzuri wa kukunia nazi (5)". Nikamtumia kwa ujumbe.

Jibu limekuja saa nne hii, mvua ikiwa imepungua. "MBUZI. Mnyama, sawa. Wa kukunia nazi, sawa. Mzuri anafanya kazi gani hapo?"

Nimelitazama neno hilo kwa dakika nzima. Nimelifuta.